Warukaji wa Dirishani

Watu wakisikia kwamba mimi na mama mkwe wangu tunashinda chumba kimoja kutwa nzima, tena mmoja wetu ana mkasi mkononi, huniangalia kwa huruma. Huruma hiyo waipeleke kwingine. Yule mama nampenda kupita kiasi, na wiki ninayoisimulia hapa nilikuwa roho juu kwa sababu moja tu. Jumamosi mchana shemeji yangu, mwanawe mkubwa, angekuja na gari kumchukua akaishi kwake, kwenye nyumba yenye bustani na varanda, na mimi ningebaki na mkasi wangu nikikodolea macho karatasi.

Kazi yetu ni kukata picha za karatasi. Hatuchori. Yeye anapaka karatasi kubwa rangi moja, upande mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi nakata umbo moja kwa moja, bila kupitisha penseli. Halafu tunayashikiza maumbo ukutani kwa pini na kuyahamisha huku na huku mpaka rangi zianze kusukumana. Utamu uko hapo! Umbo la bluu likikaa peke yake limelala usingizi. Lisogeze karibu na la rangi ya chungwa, liinamishe kidogo, mara unaona mguu umenyanyuka, kiuno kimegeuka, mtu karuka. Siku ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilipiga yowe, jirani akaja mbio kuuliza kama tumevamiwa.

Mkasi niliujulia kiwandani, nilikokuwa mkataji wa nguo. Kule kitambaa hakisogei, wewe ndiye unayeizunguka meza. Kwenye karatasi ni kinyume chake: mkasi unatulia mkono wa kulia, karatasi inacheza mkono wa kushoto. Ukisahau hilo, unakata mtu mwenye magoti kama milango ya kabati. Miezi ya mwanzo nilikata makabati mengi sana.

Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mpaka alipostaafu. Miaka yote hiyo alivaa nyeupe, akatandika nyeupe, akafunga bandeji nyeupe. Alipokuja kwetu kupumzika kidogo, alinikuta nikichezea karatasi za rangi za dukani. Akaishika moja kwa ncha za vidole kama anayeshika soksi ya mtu mwingine, akasema, "Hizi rangi zimechacha." Siku iliyofuata alirudi na makopo ya rangi na brashi pana ya kupakia kuta. Tangu hapo sebule yetu si sebule tena. Rangi zake anazipa majina mwenyewe: kuna Nyekundu ya Hasira, kuna Bluu ya Jumatatu, kuna Kijani Kibishi ambacho hakikubali kukaa na mwenzake yeyote. Mume wangu, ambaye ni mwokaji mikate na mara nyingi hutembea akiwa nusu usingizini, aliwahi kukalia manjano mbichi akaenda nayo kazini. Wenzake wanamwita Kiini cha Yai mpaka leo.

Basi ungedhani mtu kama huyo hana haja ya kuondoka. Lakini Mama ana fahari yake. Jioni moja, akiosha brashi, aliniambia bila kunitazama:

"Mwanangu, mgeni akikaa sana anakuwa mzigo, hata kama hamsemi. Mimi siwezi kuzeekea kwenye sebule ya mkwe nikichafua zulia kwa mchezo."

"Mama, mchezo gani? Hii ni kazi."

"Kazi ni kitu anachokihitaji mtu mwingine. Sasa hivi anayekihitaji ni nani? Mimi na wewe tu."

Nilichukua kitambaa nikaanza kusugua doa la zulia, nimeudhika.

Kisha ikaja maktaba. Ilikuwa mpya, bado inanuka saruji. Mkutubi mkuu alikuwa ameona picha yetu moja kwenye ukuta wa duka la mikate la mume wangu, akapiga simu. Alitaka kitu cha rangi, chenye mwendo, kwa ajili ya upande mmoja wa ukumbi wa kusomea. Tungekiweka Jumamosi asubuhi, yeye angekuja saa sita kukiangalia. Akikipenda, kinabaki. Asipokipenda, ana vitu vyake tayari kwenye maboksi, fundi wake atavifunga Jumatatu. Mama alisikiliza hayo yote, akaweka kikombe chini.

"Wakikubali, hii ni kazi na mimi nabaki. Wakikataa, naenda kwa mwanangu mkubwa. Nitamwambia anifuate hapohapo maktaba, begi langu likiwa tayari."

"Mama, usiweke masharti."

"Nimeshayaweka."

Tulikwenda kupima. Upande wenyewe ulikuwa umefunikwa mbao kutoka sakafuni hadi darini, fundi akatuonyesha kwa kidole: "Ni hapa." Mimi nikiona kitu nauliza urefu na upana. Mama akiona kitu anauliza kitakaa na rangi gani. Tukapima, tukaangalia rangi ya sakafu na ya viti, tukaondoka tumeridhika kabisa.

Wiki ile tulifanya kazi kama tuliopagawa. Tuliamua kukata watu wanaoruka: wakubwa, warefu kunizidi mimi, mikono hewani, vichwa vimeinama, visigino vimegusa migongo. Mama alipaka, akatundika karatasi kwenye kamba kuanzia dirisha la jikoni hadi mlango wa chumbani, tukawa tunapita chini tumeinama. Nilikuwa nachukua karatasi ingali na joto la pasi, maana karatasi ikipakwa hujikunja na lazima inyooshwe, nafungua mkasi, navuta pumzi, naingia. Mkunjo wa goti, naam! Mgongo, naam! Nilipofika kwenye nyayo Mama alikuwa akisimama nyuma yangu akipumua sikioni.

"Usimkate kidole gumba!"

"Simkati, Mama!"

"Unamkata!"

"Ukinipigia kelele ndiyo nitamkata!"

Siku ya Ijumaa tuliwashikiza wote kwenye ukuta wa sebule. Mrukaji wa Nyekundu ya Hasira aliongoza, wa bluu nyuma yake, wa manjano akipinda kama upinde, wa zambarau na wa kijani wakifukuzana juu, na katikati yao majani na mawimbi madogo madogo ya kila rangi. Mume wangu alitoka chumbani akipiga miayo, akasimama, akafunga mdomo. Halafu, sijui hata kama alijua anafanya nini, akaruka kidogo. Mtu mzima, na kandambili zake. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, Mama naye akacheka, nikasema moyoni kwamba huyu mama haendi popote.

Jumamosi asubuhi tulifika maktaba na warukaji wetu wamelazwa kati ya maboksi yaliyopasuliwa. Nikasukuma mlango wa ukumbi.

Mbao zilikuwa zimeondolewa, na ukuta haukuwepo. Palikuwa na kioo, kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini, na jua la asubuhi linamiminika ndani kama limefunguliwa bomba. Pembeni palikuwa na yale maboksi ya mkutubi. Juu yake yameandikwa kwa herufi kubwa: MAPAZIA, KIJIVU.

"Labda ni sawa," nilisema. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Nilipanda ngazi waliyoiacha mafundi nikambandika mrukaji mwekundu kwa utepe wa gundi. Nikashuka, nikarudi nyuma. Alikuwa mweusi. Ile nyekundu yote, ile hasira yote, jua la nyuma lilikuwa limeizima, limebaki umbo jeusi kama mtu aliyesimama mlangoni akidai kodi. Nikambandika wa bluu: mweusi. Wa manjano nikamshikilia tu kwa mikono, sikuthubutu hata kumbandika.

Mama alitoka nje. Nilimwona kupitia kioo akitazama juu, mikono kiunoni. Aliporudi damu ilikuwa imempanda.

"Huko nje ni nyeupe!" alisema. "Migongo yao mitupu! Nyeupe tupu! Nyeupe mimi nimestaafu nayo!"

"Mama, tulipaka upande mmoja kwa sababu tulidhani ni ukuta."

"Wewe ndiye uliyepima!"

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unauliza rangi ya viti!"

"Mkataji wa nguo mzima unapima mbao hujui nyuma yake kuna nini!"

"Na muuguzi mzima hujui kuuliza!"

Patashika nguo kuchanika. Mlinzi alichungulia, akafunga mlango taratibu. Tulirushiana maneno ambayo mkwe na mama mkwe hawarushiani, na katikati ya kelele hizo nilikuwa naona saa ya ukutani, naona mapazia ya kijivu, naona akilini begi lake likipakiwa kwenye buti la gari la shemeji. Nilikuwa namfokea mtu ambaye nilichotaka kumwambia ni "usiende."

"Nang'oa," alisema Mama. "Sitaki mtu aje aone aibu hii."

Akamkamata mrukaji mwekundu kiunoni akamvuta. Utepe wa upande wa kulia ukaachia wote, wa kushoto ukashikilia. Karatasi ikafunguka kutoka kwenye kioo kama mlango, ikageuka, na uso wake mwekundu ukakutana na jua.

Niliona kitu kikiniwakia kifuani. Nilikuwa bado nimemkumbatia yule wa manjano, mgongo wake mweupe ukiangalia nje, na juu ya ule weupe palikuwa pameiva rangi. Si rangi ya kupakwa. Ilikuwa imetua tu, nyekundu laini ya ndani ya shavu la mtoto, na mrukaji alipotikisika nayo ikatikisika, ikapanda begani, ikashuka, ikatembea.

"Usisogee," alisema Mama.

"Sisogei."

"Usipumue!"

Akamsukuma mrukaji kwa kidole. Wekundu ukanipita kifuani kote, ukaenda, ukarudi. Mama akageuza mkono wake mbele yangu, akaangalia kiganja kikibadilika rangi. Midomo ilikuwa inamcheza. Mwanamke aliyechukia nyeupe maisha yake yote alikuwa anaitazama nyeupe ikikubali kila anachopewa.

"Mwanangu," alisema polepole. Kisha akapaza sauti, "Mwanangu! Tusiwabandike! Tuwatundike!"

Moyo ulinilipuka. Mwaka wote tumekuwa tukiwahamisha watu wa karatasi kwa pini, tukiwatafutia mkao ambao utafanana na mwendo, na mwendo wenyewe ulikuwa unatusubiri hewani! Nilimwaga mkoba wangu sakafuni. Mkataji wa nguo hatembei bila sindano na uzi, hata akienda kwenye harusi. Darini palikuwa na fito za chuma zilizoshika taa, hatua chache kutoka kwenye kioo, zimejipanga kana kwamba mtu alijua tunakuja. Nikapanda ngazi.

Wa kwanza nilikosea. Nilipitisha uzi katikati ya kichwa, akaning'inia wima, mikono juu.

"Umemnyonga!" Mama alipiga kelele. "Mteremshe, unatisha watu!"

Nikamteremsha. Nikamlaza kidoleni, nikatafuta pale mwili unapokaa bila kuegemea upande. Ukimtoboa hapo hapo, anatulia sana, anakuwa kama sinia. Ukisogea kidogo kuelekea nyonga, miguu inanyanyuka, kichwa kinatangulia, na mara tu unapomwachia anaanza kuruka. Nilipomwachia mwekundu aliinama, akajizungusha, akaonyesha hasira yake yote, akatupa mgongo wake mweupe, akarudi. Nilikuwa juu ya ngazi, nikapiga makofi, nusura nianguke.

"Makofi baadaye!" alisema Mama. "Wa bluu! Mlete mgongoni kwa huyo mwekundu. Karibu. Karibu zaidi. Shusha. Hapo!"

Aliamuru kama aliyeko wodini. Huyu hapa, yule kule, hawa wawili watenganishe wanagombana, huyu mpe nafasi apumue. Kijani Kibishi, ambacho hakijawahi kukubaliana na mtu, alikitundika nyuma ya mgongo wa wa manjano, na mgongo ule ukatoa rangi ya majani machanga ambayo haimo katika kopo lolote. Hakuna aliyekuwa ameipaka. Mama aliitazama, akaguna, akasema, "Hii sina jina lake." Hiyo haijawahi kutokea.

Nilitoboa, nikafunga, nikapanda, nikashuka. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, na sikumbuki kufurahi namna ile tangu nizaliwe. Ukumbi mzima ulikuwa umeanza kwenda. Madoa ya rangi yalipanda kwenye rafu tupu, yakavuka meza, yakateleza sakafuni na kupanda ukuta wa pili. Majani madogo yalizunguka haraka, warukaji wakubwa taratibu, na kila mmoja alipogeuka alimpa jirani yake kitu.

Mlango ulifunguliwa kabla hatujamaliza. Alikuwa mkutubi mkuu, mwanamke mwembamba aliyevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo mama," alimwambia Mama.

"Marahaba, binti."

Akatazama kioo kitupu. Akatazama ngazi, nyuzi, mkoba wangu uliomwagika. Uso ukaanza kukunjika.

"Mlisema mtabandika."

"Na wewe ulisema upande wa ukumbi," alijibu Mama. "Hukusema kioo."

"Nilidhani mnajua."

"Hatukujua."

Nilitamani kumziba mdomo. Mtu anaulizwa swali la uhai wake naye anajibu kama anayedaiwa sukari! Mkutubi alisonga mbele hatua chache, mlango nyuma yake ukajifunga kwa kishindo, na ule upepo wa mlango ukawafikia warukaji wote kwa mkupuo mmoja.

Waliruka. Sina namna nyingine ya kulisema. Mwekundu alimzunguka wa bluu, wa manjano akajirusha, zambarau ikapita kwenye dari, na blauzi nyeupe ya mkutubi ikawa ya waridi, kisha ya chungwa, kisha ya ile rangi isiyo na jina. Alijitazama. Akanyoosha mkono mmoja, akaugeuza, akautazama ukibadilika kuanzia kiwiko hadi vidole. Halafu akanyoosha na wa pili. Alisimama hivyo katikati ya maktaba yake, mikono imetanuliwa, mdomo wazi.

Mimi juu ya ngazi nilikuwa nimeushika ufito mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Lakini," mkutubi alisema mwishowe, akishusha mikono kwa aibu kidogo, "wasomaji watasoma saa ngapi?"

"Watasoma, wakichoka watainua vichwa," alisema Mama. "Nimekaa na watoto wagonjwa miaka mingi, binti. Mtu anayetazama dari tupu hapumziki. Anahesabu nyufa."

Mkutubi alicheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa. Akaenda kwenye maboksi ya mapazia, akayasukuma kwa mguu mpaka ukutani.

"Kumbi mbili za juu nazo ni za kioo hivi hivi," alisema. "Wa watoto na wa magazeti. Mtaweza?"

Niliteremka ngazi sijui kwa miguu gani. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, ndiyo, ndiyo mara mia, lakini Mama alikuwa ameshainua kidole.

"Jua linaingilia upande gani?" aliuliza.

Mkutubi alimwonyesha kwa mkono, wakaanza kuongea habari za asubuhi na za jioni, na mimi nikageuka kujifuta uso kwa pindo la kanga, maana nilikuwa nalia wazi wazi kama mtoto. Nilikuwa na furaha mpaka inauma.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Mtu mpole, shati limechomekwa, funguo za gari mkononi. Alinisalimia, akasema begi ameshaliweka kwenye buti, amepitia nyumbani kulichukua, na chumba cha mama kule kwake kimeshatandikwa. Alimwendea mama yake moja kwa moja, akapita katikati ya nyuzi akiinamisha kichwa, akasimama mbele ya kioo. Kivuli chake kilimwangukia mrukaji mwekundu, na mgongo wa mwenzake wa bluu ukarudi kuwa mweupe.

"Mama," alisema, "tunaweza kwenda?"

Mama alikuwa amesimama na ncha ya uzi kati ya meno, mrukaji wa mwisho mikononi. Alimtazama mwanawe kwa upendo, kisha akatazama nyuma yake, kwenye ule weupe, akautoa uzi mdomoni.

"Sogea kidogo, baba, unaniziba mwanga," alisema. "Niko kazini."